Kwa Nini Ardhi Hutetemeka?



Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, ardhi ya Mkoa wa Kagera ilitikisika. Mtikisiko wenyewe ulikuwa wa muda mfupi sana. Lakini katika muda huo watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka kuta. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata zikafungwa kwa muda. Mtikisiko ulisikika mpaka Mwanza, Kampala, Kigali na Kisumu.

Baada ya maafa ya namna hii watu hukaa na kuulizana: hivi ni nini hasa kilichotokea? Wako wanaosema mizimu imekasirika. Wako wanaosema ni adhabu ya maovu ya watu. Huko pwani, wazee wa zamani walisimulia kwamba dunia imewekwa juu ya pembe ya ng'ombe mkubwa. Ng'ombe akichoka huihamishia kwenye pembe ya pili, na hapo ndipo nchi hutikisika. Hatuwacheki wazee hao. Waliona jambo, wakatafuta sababu yake kwa njia waliyokuwa nayo. Siku hizi ziko njia nyingine. Viko vyombo vya kupima, ziko ramani za chini ya bahari, na ziko setilaiti zinazozunguka juu angani. Basi tuone vyombo hivyo vimetuonyesha nini.

DUNIA IKOJE NDANI?

Tukichimba kisima tunakuta udongo, kisha mawe, kisha mwamba. Je, tukiendelea kuchimba? Hakuna aliyefika mbali. Shimo refu kuliko yote yaliyochimbwa na binadamu kwenda chini moja kwa moja liko Kola, nchini Urusi. Lina kilomita 12 na kidogo. Lakini kutoka hapa tuliposimama mpaka katikati ya dunia ni kilomita kama 6,370. Kwa hiyo shimo la Kola ni sawa na kulichoma chungwa kwa ncha ya sindano, hata ganda halijatoboka.

Msomaji atauliza: sasa wataalamu wamejuaje mambo ya huko ndani? Jibu ni kwamba wamesaidiwa na matetemeko yenyewe. Mama anaponunua chungu sokoni hukigonga kwa kidole na kusikiliza. Sauti humwambia kama chungu ni kizima au kina ufa, ingawa macho hayauoni. Tetemeko nalo huigonga dunia. Mawimbi yake hupita ndani na kutokea upande wa pili, na wataalamu huyasikiliza kwa vyombo vyao. Wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 100.

Wamegundua kwamba sehemu ya juu ya dunia ni tabaka la mwamba mgumu uliopoa. Unene wake kwa wastani ni kilomita kama 100. Chini yake kuna mwamba wenye joto kali sana. Wengi hudhani kwamba huko kote ni uji wa moto. La, sivyo. Sehemu kubwa ya mwamba huo ni mgumu, lakini kwa ajili ya joto umekuwa kama ulimbo au lami iliyoachwa juani: ukiugonga ni mgumu, ukiuacha muda mrefu unajongea polepole.

Na kweli unajongea. Tazama sufuria ya maharage jikoni. Maharage ya chini yanapata moto, yanapanda. Yakifika juu yanapoa kidogo, yanasogea pembeni na kushuka tena. Mwamba wa ndani ya dunia nao huzunguka hivyo hivyo, ila mzunguko wake huchukua mamilioni ya miaka.

MABAMBA

Lile tabaka gumu la juu si kipande kimoja. Limegawanyika vipande vipande kama gamba la yai lililochemshwa ukaligongagonga kwa kijiko. Vipande hivyo huitwa mabamba. Bamba moja ni kipande kipana na kigumu cha mwamba. Makubwa yako saba, na mengine mengi madogo. Bara la Afrika limekaa juu ya bamba lake, pamoja na sehemu kubwa za bahari zilizolizunguka.

Mabamba hayatulii. Husogea kila mwaka. Mtu wa kwanza kulieleza jambo hili kwa nguvu alikuwa Mjerumani mmoja, Alfred Wegener, mwaka 1912. Aliona kwamba pwani ya Brazil na pwani ya Afrika ya magharibi zinaoana kama vipande viwili vya kibuyu kilichopasuka. Tena mawe na mabaki ya wanyama wa kale ya pande zote mbili yalifanana. Akasema zamani mabara haya yalikuwa kitu kimoja. Wataalamu wengi wa wakati wake walimbishia, wengine walimcheka. Alifariki mwaka 1930 bado anabishiwa. Ilipofika miaka ya 1960, baada ya sakafu ya bahari kupimwa, ikaonekana kumbe mabara yanahama kweli.

Mabamba yanapokutana hufanya mojawapo ya mambo matatu. Pengine yanagongana. Bara Hindi linalisukuma bara la Asia mpaka nchi imekunjamana na kuwa milima ya Himalaya. Huko ndiko Nepal ilikotikiswa tarehe 25 Aprili 2015, wakafa watu karibu 9,000. Pengine mabamba yanasuguana ubavu kwa ubavu, kama Uturuki, mahali ambapo tetemeko la tarehe 6 Februari 2023 liliua zaidi ya watu 50,000 pale Uturuki na jirani yake Syria. Na pengine yanaachana. Hilo la tatu ndilo letu sisi wa Afrika Mashariki, na tutalirudia sasa hivi. Kwanza tuone mwamba unavunjika namna gani.

MWAMBA UNAPOCHOKA

Shika fimbo mbichi kwa mikono miwili, uipinde taratibu. Mwanzoni inakubali. Unaendelea kupinda, inaendelea kukubali. Mara, kwaa! Imevunjika, na mikono yako imetikisika mpaka mabegani. Ile nguvu uliyoitia kidogo kidogo ilikuwa imejificha ndani ya fimbo, na sasa imetoka mara moja.

Mwamba ni vivyo hivyo. Mabamba yanavuta au yanasukuma mwaka baada ya mwaka. Penye nyufa za kale, pande mbili za mwamba zimekabana kwa uzito wa mawe yaliyo juu yake, haziwezi kuteleza. Nguvu inajikusanya miaka 100, 500, hata zaidi. Siku moja mkabano unashindwa. Pande mbili zinaruka kwa ghafula, labda kwa sentimita chache tu, labda kwa mita kadhaa. Mruko huo ndio tetemeko.

Mahali pa chini mwamba ulipovunjika panaitwa kiini cha tetemeko. Mahali pa juu ya ardhi palipo sawasawa na kiini panaitwa kitovu. Tetemeko la Kagera la mwaka 2016 lilikuwa na kiini chenye kina cha kilomita kama 40.

Kutoka kwenye kiini hutoka mawimbi kila upande, kama ukitupa jiwe bwawani. Lakini mawimbi haya ni ya aina zaidi ya moja. La kwanza lina mbio sana, kama kilomita 6 kwa sekunde moja, nalo huja na ngurumo kama ya lori linalopita. La pili huchelewa kidogo, nalo ndilo lenye nguvu ya kuangusha kuta. Ukiwa kilomita 40 kutoka kwenye kiini, wimbi la kwanza hukufikia baada ya sekunde 7 hivi, na la pili baada ya sekunde 11. Hapo katikati unazo sekunde nne. Huenda mbwa na kuku wakashtuka kwanza, kwa sababu wao wanalihisi lile wimbi la mbele ambalo mtu aliye kazini halijali.

Baada ya tetemeko kubwa hufuata mengine madogo, siku nyingi au hata miezi. Mwamba uliovunjika unajiweka sawa. Haya madogo ni ya hatari kwa nyumba ambazo tayari zimepasuka.

UFA WETU

Sasa tuje nyumbani. Upande wa mashariki wa bamba la Afrika unachanika. Tukisema unachanika hatutii chumvi. Setilaiti zimepima na kuona kwamba sehemu ya mashariki, yenye pwani ya Kenya na Tanzania, inaachana na sehemu kubwa iliyobaki. Katika sehemu zetu mwendo huo ni kama milimita 3 au 4 tu kwa mwaka. Kucha za mkono wako zinakua upesi mara kumi kuliko hapo. Hata hivyo, mtu akiishi miaka 70 nchi imepanuka sentimita zaidi ya 20, yaani kama shubiri moja. Na Mungu hakuiumba dunia jana. Shubiri juu ya shubiri, kwa mamilioni ya miaka, zimefanya bonde.

Hilo ndilo Bonde la Ufa. Kwetu lina matawi mawili. Tawi la mashariki linatoka Ethiopia, linapita Kenya kwa Ziwa Turkana na Naivasha, linaingia Tanzania penye maziwa ya Natron, Manyara na Eyasi. Tawi la magharibi linaanzia Ziwa Albert, linashuka kwa Ziwa Edward na Kivu, kisha Tanganyika, Rukwa na Nyasa. Wasomaji wetu walioko Kigoma wanaishi pembeni mwa ufa huo hasa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita kama 1,470 kwa sababu maji yake yamejaza sehemu iliyodidimia baina ya kingo mbili. Ziwa Viktoria, ambalo ni pana zaidi, halifikii hata mita 100. Sababu ni kwamba halimo ndani ya ufa. Limekaa kama maji katika sinia, juu ya kipande kikubwa cha mwamba mkongwe kilichobanwa katikati ya yale matawi mawili.

Hapo msomaji wa Bukoba atatushika. Atasema: kama ziwa letu halimo ndani ya ufa, mbona tulitikiswa? Swali zuri. Chukua shuka kuukuu, ulichane. Utaona ufa mmoja mkubwa, lakini nyuzi zilizo kando ya ufa nazo zimevutika, na penye udhaifu zimekatika. Nguvu inayopanua bonde haiishii kwenye bonde. Inavuta pia miamba ya kando, yenye nyufa zake za kale ambazo kwa macho hatuzioni, na siku moja mmojawapo unaachia.

Mifano ya tawi la magharibi ni mingi. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4 hivi, ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika. Tarehe 20 Machi 1966 likatokea la Toro, Uganda, likaua watu zaidi ya 100. Tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilitikiswa kwa ukubwa wa 6.8.

Tawi la mashariki lina tabia yake. Huko moto wa chini uko karibu zaidi, ndiyo maana kuna milima kama Meru, Kilimanjaro na Oldonyo Lengai. Mwezi Julai 2007 matetemeko mengi yalipiga karibu na Ziwa Natron, yakasikika Arusha na hata Nairobi, ambako watu walikimbia kutoka maghorofani. Mawe yaliyoyeyuka yalikuwa yakijipenyeza kwenye ufa huko chini, kama kabari inayopasua gogo. Mwezi Septemba mwaka huo huo Oldonyo Lengai ukaanza kurusha majivu mengi. Na huko Afar, Ethiopia, mwezi Septemba 2005, kabari ya namna hiyo ilipasua nchi kwa urefu wa kilomita 60, ikapanuka mpaka mita 8, kwa siku chache tu. Milimita za mamia ya miaka zililipwa kwa mkupuo.

UKUBWA WA TETEMEKO

Redioni tunasikia: tetemeko la ukubwa wa 5.9. Hilo ndilo la Kagera. Namna hii ya kuhesabu ilianzishwa na Mmarekani Charles Richter mwaka 1935, na baadaye ikaboreshwa. Wengi huidhania vibaya. Hudhani 7 ni zaidi ya 6 kidogo tu, kama debe saba na debe sita. Si hivyo. Kila unapopanda namba moja, nguvu inayotoka huongezeka mara kama 32. Kwa hiyo lile la Rukwa la mwaka 1910 lilikuwa na nguvu mara 100 na zaidi kuliko la Kagera.

Je, wataalamu wanaweza kutuambia siku na saa litakapokuja jingine? Hapana. Hakuna nchi yenye uwezo huo, hata zile tajiri. Wanachoweza kusema ni mahali penye hatari, basi. Kwa hiyo akija mtu na habari kwamba kesho saa mbili usiku litakuja kubwa zaidi, huyo anabahatisha au anatafuta fedha zenu.

KINACHOUA NI NYUMBA

Mtu aliye shambani wakati wa tetemeko huyumba, pengine huanguka chini, kisha huinuka na kujipangusa. Aliye ndani ya nyumba mbovu haponi kwa urahisi. Mwaka 2010 dunia ilipata funzo la kutisha. Tarehe 12 Januari tetemeko la ukubwa wa 7.0 lilipiga Haiti, likaua zaidi ya watu 100,000. Tarehe 27 Februari tetemeko la ukubwa wa 8.8, lenye nguvu mara mamia kuliko la Haiti, lilipiga Chile. Huko hawakufika watu 600. Ni kweli la Haiti lilikuwa karibu mno na mji mkuu. Lakini Chile wana sheria za ujenzi za miaka mingi na huzifuata. Haiti kuta zilikuwa nzito, zege hafifu, na chuma kidogo.

Nyumba ya msonge ya wazee wetu ilikuwa na akili yake. Fito zimefungwa kwa kamba, juu nyasi. Ardhi ikitikisika, nyumba inacheza nayo na kutulia. Hata ikianguka haikuvunji mgongo. Hatusemi turudi kwenye misonge, maana moto na mchwa nao ni adui. Tunasema kwamba tulipohamia kwenye matofali tulichukua uzito, tukaacha kamba.

Ukuta wa matofali yaliyounganishwa kwa udongo ni imara ukibebeshwa mzigo kutoka juu. Ukisukumwa kutoka ubavuni hauna kitu cha kuushika. Kila ukuta unayumba peke yake, kona zinaachana, na paa linashuka. Dawa yake ni kuufunga. Fundi mwashi apandanishe matofali vizuri kwenye kona. Juu ya milango na madirisha apitishe linta, yaani mkanda wa zege wenye nondo ndani, na mkanda huo uzunguke nyumba nzima bila kukatika. Kuweka linta juu ya mlango tu na kuiacha sehemu nyingine ni kufunga mzigo kwa nusu kamba. Kenchi za paa zifungwe kwenye ukuta kwa waya wa nguvu. Dirisha lisikaribie kona. Na ile pembetatu ya matofali inayopanda mpaka kilele cha paa, hiyo huanguka mwanzo kuliko yote, tena mara nyingi huangukia mlangoni. Afadhali sehemu hiyo izibwe kwa mbao au bati, ambavyo ni vyepesi.

Tunajua saruji na nondo ni ghali. Mwenye fedha kidogo aanze na linta. Vigae na rangi vingoje.

Ikitokea ukiwa ndani, usikimbilie dirishani wala usishindane na watu kwenye ngazi. Kama mlango uko hatua mbili tu na nje ni wazi, toka, kisha usogee mbali na ukuta. Kama sivyo, ingia chini ya meza ngumu, ukinge kichwa kwa mikono. Walio mlimani waangalie mawe na udongo unaoporomoka. Likikoma, zimeni moto wa jiko, toeni wazee na watoto nje, na msirudi ndani kuchukua redio au sanduku.

Nyumba iliyopasuka huwatia watu mashaka: tulale au tusilale? Njia moja rahisi ya kufuatilia ni hii. Chukua penseli. Chora alama mbili za msalaba, moja kila upande wa ufa, ziachane sentimita 10 kamili kwa rula ya mtoto wa shule. Andika tarehe pembeni. Pima tena kila Jumapili na kuandika. Zikibaki sentimita 10 kwa miezi, ukuta haupanuki, ila fundi bado aje autazame. Zikifika sentimita 10 na milimita 4, ukuta unahama. Hapo usizibe ufa kwa udongo na kupaka chokaa ili wageni wasiuone. Ondoa vitanda vya watoto upande huo, umwite fundi, na umwonyeshe tarehe na vipimo ulivyoandika.